Bunduki ya Mauser ya 1871: skrubu moja, siku kumi na moja

IMETOKA, wakuu! Saa tano usiku, nimekaa sakafuni gereji, skrubu ya komeo (kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) ikalia "kri" ikazunguka robo. Nilipiga ukelele mpaka mke wangu akaja mbio, akidhani nimejikata.

Hii ni ile bunduki ya Kijerumani, I.G. Mod. 71, niliyoiokota duka la mitumba hapa Ohio, imeegeshwa nyuma ya mishipi ya samaki, kikaratasi kimeandikwa "gobore". Gobore! Nilipoona zile herufi za Kijerumani cha kale ubavuni nilitoa dola 400 bila kuomba kupunguziwa hata senti, nisije nikamshtua mzee wa watu. Sheria ya shirikisho ya 1968 inaihesabu silaha ya kabla ya 1899 kuwa ya kale, basi, nikabeba nikaenda.

Sasa skrubu. Komeo la 71 linazuiwa na washa moja (kibati cha duara) na skrubu yake. Ikigoma, komeo halichomoki, na uchafu wote wa ndani unabaki huko huko. Kuna mtu aliwahi kuichokonoa kabla yangu, mfereji wa kichwa cha skrubu umelika upande mmoja. Kutoboa kwa drili sitaki kusikia: kichwani imepigwa 38, tarakimu mbili za mwisho za namba ya bunduki yenyewe. Wajerumani wale walitia namba hadi kwenye skrubu!

Dawa ya kupuliza ya kopo, siku nne, bila bila. Nikahamia asetoni na mafuta ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, tone asubuhi tone jioni, mbao nimezifunga nailoni kwa sababu asetoni inakula vanishi. Bila bila. Nikaipasha kichwa kwa pasi ya kuunganishia waya. Ikanicheka.

Kosa lilikuwa bisibisi. Hizi za dukani ncha yake ni kabari: ukikaza inapanda, inatoka, inazidi kula mfereji. Niliikata moja kwa tupa mpaka ncha ikawa bapa sawasawa, ikajaa mferejini bila kucheza. Jaribio la pili tu. Seti ya vipande arobaini niliyonunua mwaka jana naigawa bure.

Mimi mtu wa Tanga. Novemba 1914, Waingereza walipoushambulia mji, askari wengi wa Wajerumani pale walishika Jägerbüchse 71, mdogo wake huyu, mfupi kidogo. Risasi moja moja, milimita 11, baruti nyeusi. Ukifyatua tu, wingu jeupe linamwonyesha adui ulipojificha. Halafu haina cha kurushia ganda, unaiinamisha lidondoke. Nyumbani tulisimuliwa nyuki waliowavamia wapiganaji tu, moshi hakuna aliyeutaja.

Usiku huu ilikuwa zamu ya kitako na mafuta ya kitani. Lakini nimeifuta ile washa, imeandikwa 61. Sitini na moja, si 38 ya bunduki! Mafuta yamebaki rafuni, nimechukua lenzi nikague namba za kila kipande. Mpaka sasa: pete ya mtutu ya mbele 38, ya kati 38, kishikio cha komeo… kutu, sijapaona vizuri.