Nilivyojifunza kubana terminali kwenye kebo za ndege

Kebo niliyoifunga mwishowe ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza nilizikata vipande ili mtu mwingine asije akaziokota akadhani ni nzima, maana kwa macho zote mbili zilikuwa zinapendeza.

Kazi ilianza tulipokuwa tunakagua ndege ndogo ya injini moja. Nilikuwa napitisha kitambaa juu ya kebo ya chuma inayovuta elevata, ile sehemu ya mkia inayoinua na kushusha pua ya ndege. Kitambaa kikanasa. Ndivyo uzi wa kebo uliokatika unavyotafutwa, kwa kitambaa na si kwa kidole kitupu, kwa sababu ncha yake inachoma kama sindano. Tukaifungua kebo na kuikunja taratibu mahali pale inapopita kwenye kapi, tukaona nyuzi nyingine zimekatika upande wa ndani. Ikabidi itengenezwe mpya. Fundi mkuu akaniambia, "Kijana, hii utaitengeneza wewe, nami nitakuwa hapa."

Kebo yenyewe ilikuwa ya inchi 1/8, ya misuko 7, kila msuko una nyuzi 19, yaani nyuzi 133 katika kitu chembamba kuliko penseli. Ile ya chuma kilichopakwa zinki inatakiwa isikatike kabla ya mvuto wa pauni 2,000, ambazo ni kama kilo 907. Ya chuma cha pua, unene uleule, ni pauni 1,760. Ndiyo maana huwezi kubadilisha moja kwa nyingine kwa kuwa tu inang'aa zaidi na haipati kutu upesi. Unafuata kilichoandikwa kwenye kitabu cha ndege.

Terminali ni kile kipande cha chuma mwishoni mwa kebo. Nyingine ina umbo la jicho, nyingine uma, nyingine tufe, nyingine ina nyuzi za skrubu. Zote hizo zina shingo yenye tundu. Kebo inaingizwa ndani ya tundu, kisha shingo inabanwa kwa mashine mpaka chuma chake kinatiririka na kujaza nafasi kati ya nyuzi. Hakuna gundi wala risasi ya kulehemu. Ikibanwa sawasawa, kiungo kinabeba mzigo uleule wa kebo nzima, asilimia 100. Kiungo cha kusuka kwa mkono kwa mtindo wa zamani kinafika asilimia 75 tu.

Kebo ya kwanza niliiharibu kwa haraka. Mashine yetu ilikuwa ya mkono, yenye magurudumu mawili yaliyochongwa mfereji. Unazungusha mpini, shingo ya terminali inavutwa katikati yake. Inatakiwa ipite zaidi ya mara moja, na kila inapopita unaigeuza kidogo ili ibanwe pande zote. Mimi niliipitisha bila kuigeuza vya kutosha. Ikatoka imepinda, na nilipoishika kwa mikromita, kifaa cha kupimia unene, upande mmoja ulisoma inchi 0.219, ndicho kipimo kinachotakiwa kwa kebo ya inchi 1/8, lakini upande wa pili ulikuwa mnene zaidi. Nikataka kuirudisha ndani niibane tena mpaka ilingane. Fundi mkuu akanishika mkono. Chuma kilichokwisha kubanwa kimekuwa kigumu, na ukikilazimisha kinaweza kupasuka ndani usikoona. Tukaitupa.

Ya pili ndiyo iliyonifundisha zaidi. Safari hii niligeuza vizuri, shingo ikatoka mviringo kabisa, ikapimwa kwa geji, kipimo cha unene chenye pande mbili: ikapita kwenye upande inaotakiwa kupita na kukataa upande wa pili. Nilifurahi. Kabla ya kuipeleka kwenye majaribio nilipaka mstari mwembamba wa rangi nyekundu, nusu juu ya shingo na nusu juu ya kebo, pale zinapokutana. Tukaifunga kwenye fremu ya kuvutia, tukaifunika kwa blanketi zito, kila mtu akasimama kando, kwa sababu kebo inayokatika inarudi kama mjeledi. Jaribio ni asilimia 60 ya uwezo wa kebo, kwetu pauni 1,200, na mzigo unapandishwa polepole kisha unaachwa kwa dakika 3. Tulipofunua, mstari wangu ulikuwa umevunjika. Nusu yake iliyokuwa juu ya kebo ilikuwa imesogea karibu milimita 2 kutoka nusu iliyokuwa juu ya shingo.

Tuliipasua ile shingo kwa msumeno. Kebo haikuwa imefika mwisho wa tundu. Niliisukuma mpaka mwisho, nina hakika, lakini nilipoibeba kuelekea kwenye mashine ilirudi nyuma yenyewe, na mimi nikabana chuma kitupu kwa sehemu ya urefu. Kwa nje hakuna kinachoonyesha hilo. Geji inapima unene wa shingo, haijui kilichomo.

Kwa hiyo ya tatu nilianza upya kwa utaratibu mwingine. Kwanza kukata: nilizungushia utepe mahali pa kukata, nikakata kwa mkasi maalumu wa kebo. Moto wa gesi hautumiki, unaharibu ugumu wa chuma. Wala ncha haichovywi kwenye risasi ya kulehemu ili nyuzi zisichanuke. Risasi inaifanya kebo iteleze na kutoka. Nikapaka ncha mafuta ya kuzuia kutu, ambayo yatabaki ndani ya shingo muda wote wa maisha ya kebo. Nikapima kina cha tundu kwa kijiti, nikahamishia kipimo hicho kwenye kebo kwa kalamu.

Kisha mbinu aliyonionyesha fundi mkuu. Unaingiza kebo kama inchi 1, unaikunja kidogo pale kwenye mdomo wa tundu, unainyoosha, halafu unaisukuma mpaka mwisho. Mkunjo ule mdogo unaacha nyuzi zikisukuma kuta za tundu, na kebo inajishikilia yenyewe. Alama ya kalamu ilikuwa sambamba na mdomo wa shingo. Nikaiangalia tena nilipofika mashineni, na tena kabla ya kuzungusha mpini.

Jambo jingine ni urefu. Shingo ikibanwa inarefuka, na kebo nzima inarefuka nayo. Nilikuwa nimebana terminali moja ya majaribio kwenye kipande kifupi, nikapima kabla na baada, nikapata kati ya milimita 2 na 3. Kebo ina ncha mbili, kwa hiyo nilipunguza mara mbili yake wakati wa kukata. Usipofanya hivyo utafika mwisho wa skrubu ya kukazia, ile inayozungushwa ili kebo ivutike, na kebo bado imelegea. 

Baada ya dakika 3 chini ya pauni 1,200 mstari mwekundu ulikuwa mzima kwenye ncha zote mbili.

Tukaifunga. Kwenye kila mwisho wa skrubu ya kukazia tulihakikisha hazionekani nje zaidi ya nyuzi 3 za skrubu, tukapima mvuto kwa kipimo chake kulingana na joto la siku ile, tukafunga waya wa usalama ili skrubu isijilegeze. Mwenzetu ambaye hakuigusa kazi hiyo akakaa kiti cha rubani na kuvuta usukani, mimi nikiwa mkiani: usukani nyuma, elevata juu. Akarudia mpaka mwisho wa mwendo kila upande.

Mstari ule sikuufuta. Ndege iliporudi kwa ukaguzi wa mwaka uliofuata, nilifungua kifuniko cha mkiani nikaelekeza tochi huko kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Rangi ilikuwa imefifia kidogo, na nusu zake mbili bado zilikuwa zimekutana.