Kahawa iliyolala kwenye mtungi

Joto la Dodoma mwezi wa kumi na moja usisimuliwe. Mchana linapita nyuzi 30, mvua bado, upepo na vumbi tu, na chumba nilichopanga kule Nkuhungu kilikuwa cha bati bila siling bodi, ukiingia saa nane mchana unatoka mwenyewe bila kufukuzwa. Hiyo ni 2019, kipindi ofisi za serikali zinahamia huko, na mimi nikahamishwa kikazi kutokea Tanga. Sasa Tanga mtu umezoea kahawa ya moto kwenye dele, kikombe kidogo na kashata pembeni, jioni barazani. Dodoma nikajaribu kuendelea na mwendo huo huo, jasho likanishauri niache.

Ndo nikahamia kwenye kahawa baridi, ile ya kuloweka. Mjomba alikuwa ananitumia buni za Mbinga kwa basi, nakaanga mwenyewe jikoni kwa mkaa, afu naazima kinu cha mama mwenye nyumba natwanga, ila natwanga kwa adabu, inatakiwa iwe chenga, ikishakuwa unga inapita kwenye kitambaa na unakunywa tope. Gramu 200 kwa lita moja ya maji, na maji yawe ya kununua maana ya bomba kule yana chumvi chumvi, unatikisa, unafunika, inalala kwenye friji masaa 12 mpaka 18. Maji ya baridi yanavuta taratibu, ule uchachu na uchungu ambao maji ya moto yanautoa wote kwa pamoja mwingi unabaki kwenye chenga, kwa hiyo inatoka laini, ina utamu fulani hivi hata bila sukari. Inakuwa nzito sana lakini, lazima uichanganye na maji au maziwa nusu kwa nusu.

Basi Jumamosi moja nimeshaloweka kwenye chupa ya maji, nimeweka kwenye kafriji kangu, umeme ukakatika. Saa moja, saa mbili, kimya. Na kwa lile joto la chumbani nikaogopa kahawa itaharibika, yani nilikuwa naiona tu inachachuka. Nikatoka nayo nje kutafuta kivuli, mama mwenye nyumba kakaa kwenye mkeka anachambua mlenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ni dawa ya nini?"

Nikamweleza. Akaniangalia. "Yani unailoweka kama maharage?" Akacheka mpaka akaweka ungo chini. Afu akainuka bila kusema kitu, akaenda nyuma ya jiko akatoka na mtungi wa zamani wenye mdomo mpana, akauchimbia kidogo kwenye mchanga kivulini upande unaopiga upepo, akamwagia mchanga maji, akajaza mtungi maji nusu na kuniambia tumbukiza chupa yako, funika na kitambaa kibichi, usiguse mpaka kesho.

Mi nilikuwa na mashaka, maana nyumbani Tanga mitungi ipo na haipozi kihivyo. Kumbe shida ni hewa. Mtungi unapoza kwa sababu maji yanapenya kwenye udongo yanakauka nje, na yakikauka yanaondoka na joto, sasa pwani hewa yenyewe imeshashiba unyevu maji yatakauka saa ngapi? Dodoma hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Jioni niligusa ule mtungi kwa nje, unatoka jasho, baridi kabisa. Friji za watu zimezima mtaa mzima, wa mama unapiga kazi.

Asubuhi tukachuja pale pale uani, kwanza chujio la chai, afu kitambaa cheupe mara mbili, ikatoka nyeusi safi inang'aa. Mama akaonja na maziwa, akaongeza sukari vijiko vitatu (sikusema kitu, ni mtungi wake) akasema inapita. Mzee wake ndo alikuwa na habari nyingine. Nilimwambia mzee hii inachanganywa na maji, akanijibu maji atakunywa baadaye, akashusha glasi nzima kavu. Na kama haitoshi jioni akarudi akaomba nyingine.

Usiku ule mzee hakulala. Tunamsikia uani anafagia, saa saba za usiku anafagia, afu akahamia kugonga mlango wa banda la kuku uliokuwa umelegea tangu sijahamia pale. Mama anamwita ndani, yeye anajibu ngoja kwanza nimalizie bawaba. Umeme ulirudi karibu na alfajiri akautumia kurekebisha na redio.

Jumatatu natoka kwenda kazini, mjukuu wao kasimama mlangoni na kikombe. "Babu anauliza ile ya mtungini imebaki? Na bibi kasema useme imeisha."