Hiyo ya kushona tusiihesabu

"Hiyo ya kushona tusiihesabu." Baba watoto aliyasema hayo kuhusu pesa ya cherehani yangu, bila ubaya wowote, huku anapiga mstari kwenye daftari la bajeti yetu, na hadi leo hayajanitoka kichwani. Nikikanyaga cherehani nayasikia. Nikisuuza vyombo nayasikia. Wiki yenyewe ilijaa mambo: wifi kajifungua salama, kazini kwa baba watoto wameletewa meneja mpya, na yule fundi wa bati niliyewasimulia karudi kumalizia kazi yake. Lakini mtu akiniuliza wiki hii kumetokea nini, jibu langu ni hilo moja.

Mnajua tangu mwaka uanze nataka tuwe na bajeti iliyoandikwa, si ya kichwani. Jumapili usiku watoto walipolala tukakaa mezani na daftari jipya la viboksi. Rula ilikuwa ya kitinda mimba, imemeguka katikati, kwa hiyo kila mstari una kibonde mahali palepale. Safu tatu: kinachoingia, tulichopanga kitoke, kilichotoka kweli. Hiyo ya tatu niliing'ang'ania mimi, maana bila hiyo mwisho wa mwezi huna cha kulinganisha.

Akaandika mshahara wake, tena si ule wa kwenye barua ya ajira, bali unaofika mkononi baada ya makato yote. Nilifurahi sana. Hesabu za nyumba nyingi huharibikia hapo hapo, mstari wa kwanza. Nikasogeza kiti, nikamwambia, "Chini yake weka ya cherehani."

"Hiyo ya kushona tusiihesabu."

"Kwa nini?"

"Ile inakuja inapotaka, mama watoto. Leo ipo, mwezi ujao haipo."

"Lakini inakuja."

"Inakuja, ndiyo. Tuiache iwe ya ziada."

Tukaendelea. Kodi, umeme, maji, nauli. Ada tukaigawa kwa 12 ili kila mwezi ubebe kipande chake. Akiba nikataka ikatwe siku ileile mshahara unapoingia, isisubiri kitakachobaki. Ile kanuni ya asilimia 50 kwa mahitaji, 30 kwa matakwa na 20 kwa akiba tuliiacha mapema, kwa sababu kwetu mahitaji yanavuka nusu hata nauli haijaandikwa. Nilikuwa naitikia kila mstari, ila akili ilibaki kule juu, kwenye nafasi tupu chini ya mshahara.

Ya ziada! Madaftari ya watoto yametoka kwenye cherehani. Viatu vya shule pia, na gesi inapokatika katikati ya mwezi. Bajeti isiyoitaja pesa hiyo inaonyesha kana kwamba vitu hivyo vinajinunua.

Niliwahi kusoma habari za Hani Motoko, mwandishi wa habari wa Japani aliyetoa daftari la hesabu za nyumbani mwaka 1904. Wenyewe wanaliita kakeibo, na wanaolitumia hadi leo huanza kwa kujiuliza: una kiasi gani? Ndipo yanafuata ya akiba na matumizi. Swali ni una kiasi gani, basi, iwe cha mshahara au cha uzi na sindano.

Jumatano nikatoa daftari langu la oda, nikapitia mwezi baada ya mwezi. Kipato kinachopanda na kushuka hupangiwa kwa mwezi wake wa chini kabisa. Kinachozidi hapo kinakwenda kwenye akiba ya dharura, mpaka ifike matumizi ya miezi mitatu, na baadaye sita. Nikaupata mwezi wa chini, nikamwonyesha baba watoto kwa kidole.

"Huu ni upi?"

"Ule niliokuwa namuuguza mama."

Akaangalia. "Hata mwezi ule ulishona?"

"Usiku."

Alikaa kimya kitambo, kisha akavuta daftari la bajeti na kuiandika mwenyewe chini ya mshahara wake, kwa kalamu ileile ya bluu. Moyo wangu ulijaa. Lakini alipofunika kalamu akasema, "Mimi sikutaka ufike mahali unashona na homa kwa sababu daftari linadai." Hilo sijalijibu. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na naona ana haki ya kupata jibu.

Jambo jingine. Kitinda mimba aliliona daftari mezani asubuhi akataka asome jalada. Alilisogeza hadi likakaribia kugusa pua. Nimekumbuka kuwa hata runingani siku hizi anakaa karibu mno, na kila nikimwambia arudi nyuma anasema haoni. Kesho nampeleka shule mwenyewe nimuulize mwalimu wake anakaa dawati la ngapi, na kama ya ubaoni anayasoma au ananakili kwa jirani.