Kumbukumbu ya shamba la Kiwira: miti ya bibi imebadilishwa vichwa

Haya jamani, apdeti ya shamba. Vikonyo, yaani vile vijiti vya mti mwingine tulivyopachika (kubebesha) kwenye visiki, vimeshika! Ile miparachichi ya kienyeji aliyotuachia bibi, ile iliyorefuka mpaka kuchuma lazima umtafute kijana wa kupanda na bado nusu ya matunda yanaanguka na kupasuka, sasa mingi ina vichwa vya parachichi aina ya Hass na machipukizi yameshaanza kukimbia, na yale majani mapya yenye wekundu wa shaba. Nimefurahi sana, kwa kweli.

Kwa ambaye hajui, shamba liko upande wa Rungwe, ukitoka Mbeya mjini unapita Uyole unashika barabara ya Tukuyu. Kuna migomba, kahawa kidogo, maharage chini ya migomba, na hiyo miparachichi kwenye mteremko wa juu. Mvua za huku si za kuulizia, maeneo ya Tukuyu yanapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, zinaanza Novemba zinaenda mpaka Mei na Machi na Aprili ndo zinamwagika hasa.

Watu wengi waliniambia ng'oa yote, panda miche mipya kwa mistari, shamba lipendeze. Mi nikakataa na bado nakataa, na sababu yangu iko chini ya ardhi. Parachichi huku kwetu adui yake mkubwa ni maji kutuama kwenye mizizi, ukame unakuja nyuma sana. Kuna ugonjwa wa kuoza mizizi, kimelea chake kinaitwa Phytophthora cinnamomi, na kinaogelea kabisa kwenye udongo uliojaa maji kutoka mti huu kwenda mti ule. Unaona majani yanakuwa madogo na ya njanonjano, matawi ya juu yanakauka kuanzia nchani, ukifukua kidogo vile vimizizi vyembamba vya kulishia mti unakuta vyeusi na vinakatikakatika mkononi. Mti ukifika hapo kuurudisha ni kazi kweli. Sasa miti ya bibi imesimama pale miaka na miaka, masika yote yamepita juu yake na bado inazaa, maana yake pale chini maji yanapita na mizizi ina afya. Mi niitoe mizizi ya namna hiyo halafu nichimbe shimo niweke mche wa kwenye kiriba nianze kuomba Mungu? Hapana. Mzizi tunauacha, kinachobadilishwa ni kichwa.

Ila kabla ya msumeno ilibidi tukae kifamilia, maana miti ile si yangu peke yangu. Nikaenda kwa baba mkubwa, nikamwamkia, tukakaa nje kwenye benchi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, hii miti imetulisha sisi wote, imelipa na ada za baba yako. Unaikata?" Nikamwambia baba mkubwa, siikati ife, naikata ichipue, mizizi ya mama yako inabaki palepale. Akanyamaza kidogo, akaniuliza ni mingapi nitaacha. Tukakubaliana ile miwili ya karibu na nyumba isiguswe, ibaki ya kienyeji, ya kula nyumbani na ya wajukuu. Akasimama mwenyewe akaenda kuishika.

Na kumbe kuacha miwili ile kuna faida nyingine. Ua la parachichi linafunguka mara mbili, mara ya kwanza likiwa jike, linafunga, kesho yake linafunguka likiwa dume. Kwa ratiba hiyo miparachichi iko makundi mawili. Hass ni kundi A, ua linakuwa jike asubuhi, halafu dume mchana wa kesho yake. Kundi B kama aina ya Fuerte ni kinyume, jike mchana na dume asubuhi inayofuata. Kwa hiyo ukiwa na makundi yote mawili shambani, asubuhi na mchana kuna chavua ya upande mmoja na ua jike la upande mwingine, nyuki wanamalizia kazi. Baridi ikizidi hii ratiba inavurugika kidogo, lakini mchanganyiko bado unasaidia. Miti ya kienyeji imetokana na mbegu kwa hiyo kila mmoja na tabia yake, nitakaa niangalie hiyo miwili inafungua saa ngapi. Na mizinga naitaka, nyuki ni lazima.

Sasa kazi yenyewe. Tulingoja mwisho wa kiangazi, joto linapoanza kurudi na mti unaanza kupandisha maji, kwa sababu hapo gome linabanduka vizuri kutoka kwenye mti. Ukifanya Juni au Julai kwenye baridi gome limeng'ang'ania, unalichana tu. Fundi wa kubebesha ni kijana wa kata ya jirani, ana mkono mwepesi ajabu. Mti alikata kama mita moja kutoka chini, akaacha tawi moja upande mmoja bila kulikata, hilo ndo linaendelea kulisha mizizi wakati kichwa kipya hakijawa na majani. Ukikata yote kwa mara moja mti unapata mshtuko na unaweza kufa, kwa hiyo hilo tawi usimruhusu mtu akalichukulia kuni!

Vikonyo alivitoa kwenye Hass inayozaa vizuri, unene wa penseli, tumba zimenenepa ila hazijafunguka, majani amekata yote akabakiza vikia vyake, akavifunga kwenye gazeti lililoloweshwa kidogo ndani ya mfuko wa nailoni. Nilichuchumaa nikamwangalia kwa karibu. Anachana gome la kisiki kwa kisu, mstari mmoja tu kwenda chini, kisha anainua kingo zake taratibu, ndani unaona mti mweupe unaoteleza una unyevunyevu. Kikonyo anakichonga upande mmoja, mkato mmoja mrefu, hapapasi papasi kisu, maana ukirudiarudia uso unakuwa na mabonde na haugusani. Halafu anakisukumia chini ya gome, ule upande uliochongwa ukitazama mti, mpaka kinakaza. Kila kisiki kinapata vikonyo vitatu au vinne kuzunguka, anafunga kwa utepe wa nailoni kwa nguvu, anaziba juu maji yasiingie. Mwisho kisiki chote tumepaka chokaa nyeupe, kwa sababu gome lililozoea kivuli miaka yote likipigwa na jua ghafla linaungua na kupasuka.

Halafu ni kusubiri, na huku kusubiri kunahitaji macho. Kisiki chenyewe kinatoa machipukizi mengi chini ya vikonyo na yana nguvu kuliko vikonyo, ukiyaacha ndo yanakuwa mti na unarudi kwenye kienyeji kilekile. Tunayatoa kwa mkono yakiwa bado laini, ila machache upande wa jua tumeyaacha yafanye kivuli kwa muda. Vikonyo vilivyochipua tumevifungia vijiti, maana chipukizi la namna hii lina majani makubwa na kiungo bado kichanga, upepo mmoja unalinyofoa lote. Nikifika shamba kitu cha kwanza ni kuzunguka na kugusa fundo moja moja, nailoni ikianza kukaba tunailegeza. Tukienda hivi, matunda ya kwanza nayategemea mwaka wa pili au wa tatu.

Bondeni karibu na kijito parachichi sijapanda na sipandi. Pale ni magimbi na migomba, basi.

Makadamia, ile miti ya njugu zenye gamba gumu, nazo zinaendelea, taratibu kama kawaida yake. Ziko mpakani upande unaotoka upepo, nyuma ya mstari wa migrivea, maana mizizi ya makadamia haiendi chini sana na matawi yake yanavunjika kirahisi. Kitu ambacho kilinifurahisha kujua ni kwamba mgrivea na mmakadamia ni ukoo mmoja na wote kwao ni Australia mashariki. Ukifukua matandazo polepole chini ya makadamia unakuta vishada vya vimizizi vifupi vimebanana kama brashi ya viatu, ndo vinavyokamua fosforasi kwenye udongo maskini. Kwa hiyo mti huu haupendi kumwagiwa fosforasi nyingi, na ndo maana pale DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, haifiki, ni samadi iliyooza vizuri na majani ya migomba, tena mbali kidogo na shina. Yule jamaa anayenisaidia shamba alikuwa anataka kuweka DAP kila shimo kama anavyofanya kwenye mahindi, nikamwonyesha hiyo mizizi, akaelewa palepale.

Za kubebeshwa zinaanza kuzaa kidogo mwaka wa nne au wa tano, za mbegu zinaweza kukupeleka miaka saba na zaidi. Makadamia haichumwi, ikikomaa inaanguka yenyewe, kwa hiyo chini lazima pawe safi na uokote mara kwa mara, lile ganda la kijani ulitoe mapema, ndani ya siku moja ukiweza, na zikauke kivulini penye hewa. Ukizirundika kwenye gunia zikiwa mbichi zinapata joto na kiini kinaharibika. Jirani yangu zake zimeshaanza, shida yake kubwa ni panya, wanatoboa lile gamba gumu tundu dogo la duara na kula kiini chote. Pamoja na ugumu wote ule! Amefunga bati kwenye shina na amepunguza matawi yaliyogusana na uzio, na mi nitafanya hivyohivyo mapema.

Kinachofuata ni ile miti ya nyuma ya zizi. Mmoja siubebeshi, majani yake ya juu yamekuwa madogo na nchani panakauka, mizizi yake siiamini na kikonyo kizuri sikipeleki pale, huo utaondolewa na pale patapumzika bila parachichi. Iliyobaki iko vizuri. Fundi nimeshaongea naye, kwenye mmoja ataweka Fuerte badala ya Hass ili kundi B liwepo pia huko nyuma, na tawi la kulisha baba mkubwa amesema atalichagua mwenyewe.