Daftari la milimita: nilivyofuatilia aota yangu

Ugonjwa wangu uligunduliwa na daktari wa macho. Nilikuwa na miaka 27, nimebadilisha miwani mara tatu ndani ya miaka miwili, na siku hiyo nilikwenda hasa kulalamika kwamba wanaonipima hawajui kazi. Alinitia matone ya kupanua mboni, akachungulia muda mrefu, kisha akasogeza kiti chake nyuma.

"Lenzi ya jicho lako imehama mahali pake," akasema. "Hebu shika kifundo cha mkono huu kwa vidole vya mkono wa pili. Kidole gumba na kidole cha mwisho."

Nikashika. Kidole gumba kilikipita kile kidogo na kukifunika kucha yote. Nilidhani ananitania. Ndipo akauliza: "Kwenu kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa bado na umri mdogo?"

Baba yangu alifariki akiwa na miaka 41. Tuliambiwa ni moyo, basi, na hakuna aliyeuliza zaidi. Alikuwa mrefu, vidole virefu, kifua kimebonyea katikati. Tulikuwa tukimtania kwamba akipiga chafya anaweza kukunjika. Mimi nimefanana naye mpaka mwendo.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nimelala ubavu wa kushoto, jeli baridi kifuani, napimwa eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Mzizi wa aota, yaani pale mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo unapoanzia juu ya vali, ulikuwa na milimita 43. Daktari wa moyo alinieleza kwamba tangu 2010 vigezo vinavyotumika vinasema hivi: mzizi wa aota uliopanuka pamoja na lenzi iliyohama vinatosha kuthibitisha ugonjwa wa Marfan. Nilikuwa navyo vyote viwili. Jina hilo linatokana na Antoine Marfan, daktari wa watoto wa Ufaransa aliyemweleza mgonjwa wa kwanza mwaka 1896, mtoto wa kike mwenye vidole virefu kupita kawaida.

Kilichonisaidia kuelewa ni kujua macho na moyo vinaunganishwa na nini. Kuna jeni iitwayo FBN1, iko kwenye kromosomu ya 15, inayotoa maelekezo ya kutengeneza protini ya fibrilini. Protini hiyo husukwa kuwa nyuzi nyembamba sana. Nyuzi hizo ndizo zinazoining'iniza lenzi ya jicho, na ndizo zinazosaidia ukuta wa aota kunyumbuka moyo unaposukuma damu na kurudi mahali pake. Zikiwa dhaifu, lenzi inalegea na aota inatanuka kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Hatari yenyewe ni siku ukuta huo unapochanika: tabaka la ndani linapasuka, damu inajipenyeza katikati ya matabaka, na mtu anaweza kufa kwa saa chache.

Basi swali langu likawa moja tu: nitajuaje kwamba siku hiyo inakaribia?

Nilinunua daftari. Nikachora safu nne: tarehe, milimita, mashine, presha. Mwanzoni niliamini kwamba milimita ndiyo habari yote. Daktari alinisahihisha mapema. Alitaka kwanza vipimo vya jeni, ijapokuwa dalili zilikuwa wazi, kwa sababu magonjwa ya tishu unganishi, zile zinazoshikilia viungo vya mwili, hufanana kwa sura na hutofautiana kwa tabia. Kwenye Marfan kipenyo ni mtabiri mzuri kiasi: aota ndogo huchanika mara chache, kubwa huchanika zaidi. Mwenye kasoro kwenye jeni za TGFBR1 au TGFBR2, yaani ugonjwa wa Loeys-Dietz, anaweza kuchanika akiwa na kipenyo ambacho mimi ningeambiwa nirudi nyumbani nikapumzike. Na kwenye ugonjwa wa Ehlers-Danlos ya mishipa, inayotokana na jeni ya COL3A1, mshipa unaweza kupasuka bila kupanuka kwanza, hivyo rula haikusaidii sana. Majibu yangu yalitoka FBN1. Nilifurahi, jambo la ajabu kidogo ukifikiria nilichokuwa nafurahia.

Nikaanza dawa ya kupunguza kasi ya mapigo, baadaye nikaongezewa losatani, dawa ya kushusha presha. Miezi ya kwanza nilikuwa mzito kama niliyeamshwa usingizini, kisha mwili ukazoea. Kunyanyua vyuma niliacha siku hiyohiyo. Nilielezwa kwamba ukibana pumzi na kusukuma uzito mkubwa, presha inapanda ghafla na ukuta wa aota ndio unaolipa. Kutembea na kuogelea polepole nimeendelea navyo.

Mwaka wa kwanza 43. Wa pili 43. Wa tatu 44. Mwaka wa nne nilihamia hospitali nyingine, wakanipiga CT-Scan, ripoti ikaandikwa 48.

Naikumbuka ile karatasi. Mstari wa tatu kutoka juu, tarakimu mbili tu, na mimi nimesimama kwenye korido nikisikia mapigo yangu shingoni. Kupanda zaidi ya milimita tatu kwa mwaka ni moja ya ishara zinazowafanya madaktari waharakishe upasuaji. Kijana aliyenipa ripoti alishaanza kunieleza habari za kulazwa.

Nikamwomba jambo moja: niongee na mtu aliyepima. Alipatikana, mama mmoja mpole, akanionyesha kwenye kioo. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo ningetaka kila mwenye ugonjwa huu alijue. Kule nilikotoka, kwenye eko, walianza ukingo wa juu wa ukuta wa mbele wakaishia ukingo wa juu wa ukuta wa nyuma, yaani wanahesabu unene wa ukuta mmoja. Huku walipima kutoka nje hadi nje, kuta zote mbili zimo. Tena mstari wao ulikwenda mshazari, ukakatiza pale mzizi unapobenuka, na mstari wa mshazari daima ni mrefu kuliko ulionyooka. Zaidi ya hayo, picha ilipigwa bila kulinganishwa na mapigo ya moyo, hivyo kingo zilikuwa na ukungu, kama picha ya mtu aliyetikisika.

"Una picha zako za zamani?" akaniuliza. Nilikuwa na ripoti tu. Ilinichukua siku nane kwenda kuzidai kule nilikotoka, na mtu wa dirishani aliniambia mara mbili kwamba mgonjwa hahitaji picha. Nilipozileta, nikapimwa upya kwa eko, na mtu mmoja akazipima zote, za zamani na mpya, kwa njia ileile. Zikatoka 44 na 44. Kwenye daftari nikaongeza safu ya tano: ukingo upi hadi upi. Tangu hapo sitoki hospitali bila picha zenyewe kwenye flashi.

Lakini kilichobadilisha hesabu yangu hakikutoka kwenye mashine yoyote. Kwenye Marfan, upasuaji wa kuzuia hufanywa kwa kawaida mzizi ukifika milimita 50. Ukiwa na ndugu wa damu aliyechanika aota, mpaka unashushwa hadi 45. Na cheti cha baba hakikuandika kitu cha maana. Nikamkalisha mama, nikamwomba anisimulie usiku ule, kitu ambacho sikuwahi kumwomba kwa miaka kumi na tisa.

Alisema maumivu yalimwanza kifuani ghafla, akapiga kelele mara moja, kisha yakahamia mgongoni katikati ya mabega na kushuka. Baba alisema kama kitu kinachanwa ndani yake. Walikofika walimpa dawa ya vidonda vya tumbo. "Halafu yule nesi," mama akasema, "alipima presha mkono wa kushoto ikakataa. Akasema mashine mbovu. Akahamia mkono wa kulia ikasoma."

Niliyaandika maneno yale kama alivyoyasema. Nilipomsomea daktari, aliweka kalamu chini. Aota ikichanika, damu inaweza kuzibiwa njia ya mkono mmoja, na presha ikatofautiana kushoto na kulia. Mashine ile pengine ilikuwa nzima kabisa. Kuanzia siku hiyo mpaka wangu ukawa 45.

Kuna vitu vidogo ambavyo daftari halikuwa na safu yake. Siku moja nilikuwa na maambukizi ya mkojo, nikaandikiwa sipro, antibayotiki ya kundi la fluorokwinoloni. Nikakataa kwa adabu, nikaomba dawa ya kundi lingine. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kuongeza hatari ya aota kuchanika, na watu wa Marfan walitajwa wazi. Aliyeniandikia hakulijua hilo, na hakupenda kuambiwa na mgonjwa.

Mwaka wa sita: 46. Mashine ileile, mpimaji yuleyule, kingo zilezile. Safari hii sikubishana na karatasi. Daktari wa upasuaji alinisomea takwimu zilizochapishwa mwaka 1999, za wagonjwa 675 waliobadilishiwa mzizi wa aota, wote wa Marfan. Waliopangiwa mapema, waliofariki ndani ya siku thelathini walikuwa asilimia 1.5. Waliofanyiwa kwa dharura, asilimia 11.7. Sikuhitaji kuuliza la pili.

Nilifanyiwa upasuaji unaobakiza vali ya mtu mwenyewe: mzizi uliotanuka unakatwa, unawekwa mrija wa kitambaa, vali inashonewa ndani yake. Njia ya zamani, ya Bentall, iliyoanza 1968, inabadilisha mzizi pamoja na vali, na vali ya chuma inakudai dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yote. Nilipozinduka nilikuwa na kiu tu, na mfupa wa kifua uliuma kwa wiki kadhaa kila nilipokohoa. Bado napimwa kila mwaka, maana aota iliyobaki, inayoshuka hadi tumboni, ni ya kitambaa kilekile nilichozaliwa nacho.

Baada ya hapo wakapimwa watoto. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu. Ukoo mzima ulikuwa umeshatoa hukumu: mkubwa, mrefu kama mlingoti, vidole vya babu yake, ndiye mgonjwa. Mdogo, mfupi, mnene kidogo, salama. Bibi yao alikuwa ameanza hata kumkataza mkubwa kukimbia.

Jibu la jeni likaja. Mkubwa hana. Hahitaji eko ya kila mwaka, hahitaji dawa, anacheza mpira wa kikapu mpaka giza linaingia. Mdogo anayo. Ana miaka sita, na juzi alipolala ubavu wa kushoto aliuliza kwa nini jeli ni baridi. Nilikuwa naandika safu ya tano.