Mfupa uliopotea kabatini

Jumamosi usiku. Vidole bado vinanuka naftalini.

Leo nimeshinda kwenye mkusanyo mdogo wa visukuku ninakojitolea hapa Kampala, nikilinganisha namba za mifupa na za daftari. Droo ya tatu ilinisimamisha. Mna kipande cha taya, urefu wa kiganja, na meno mawili meusi yanayong'aa kama buni zilizokaangwa. Lebo imeliwa na mende. Zimebaki herufi mbili, "Na", na mkia wa namba, 4 au 9. Napak? Nakapiripirit? Zote ni sehemu za Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Mzee anayetunza funguo alichungulia, akatikisa kichwa. "Hiyo niliikuta, binti."

Nikamkumbuka nyangumi wa Turkana. Mwaka 1964 mtafiti James Mead alikuta Loperot, huko Turkana nchini Kenya, ng'ambo ya mpaka wetu wa Karamoja, kipande cha mdomo wa nyangumi, wale wenye mdomo mrefu mwembamba. Akachapisha maelezo ya mfupa ule mwaka 1975, kisha ukapotea, tena ukiwa makumbushoni! Mtaalamu wa visukuku Louis Jacobs alianza kuutafuta miaka ya 1980. Ukaja kuonekana Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 2011.

Kilichofuata ndicho kinachoninyima usingizi. Utafiti wa 2015 ulionyesha kwamba mnyama yule alipanda mto kutoka Bahari ya Hindi miaka milioni 17 iliyopita, akafia bara, mahali palipokuwa mita 24 hadi 37 tu juu ya bahari. Leo pale ni mita 620. Nyangumi hapandi mlima, basi ardhi ndiyo iliyoinuka, na kuinuka huko kukachangia kuikausha Afrika Mashariki, misitu ikapungua na nyasi zikatanda. Sasa futa neno Loperot kwenye lebo. Unabaki na mfupa wa nyangumi, mnyama wa baharini, na hakuna ambaye angeuuliza chochote.

Taya langu nalo nilikuwa nimeshalishikia brashi, nitoe udongo wa kijivu uliogandamana katikati ya meno. Nikaiweka chini brashi haraka, moyo unadunda. Mtaalamu wa miamba anaweza kuulinganisha udongo ule na wa maeneo yanayojulikana.

Nimelifunga kwa karatasi laini, nikaandika kwa penseli, na nakala nikaitia daftarini: "Na…, 4 au 9. Droo ya 3. Udongo usisafishwe."