Hati za kupokelea mzigo ndizo zilizoniokoa
Jana mahakama ya biashara ilitoa hukumu katika shauri nililomfungulia mteja aliyepokea bidhaa zangu kwa awamu tatu kisha akakataa kulipa, akidai kwamba mzigo ulikuwa na kasoro. Kilichoniokoa si mkataba wenyewe, ambao nakiri niliuandika kwa haraka, bali hati za kupokelea mzigo zilizosainiwa na mtunza ghala wake bila pingamizi lolote, pamoja na barua aliyoiandika mteja mwenyewe akiomba aongezewe muda wa kulipa. Wakili wangu alimuuliza ni nani huomba muda wa kulipia bidhaa mbovu, naye akakosa jibu. Fidia ya faida niliyoipoteza sikupewa, kwani sikuwa na vielelezo vya kuithibitisha. Sasa imebaki kazi ya kukazia hukumu, yaani kuhakikisha inatekelezwa na ninalipwa.